Mwaka wa Miguu Myepesi

Nilifika kwa Bi Riziki siku ya tatu ya matanga, khitma ikiwa imekwisha kusomwa na masinia yameanza kuzunguka. Wanawake walijaa ukumbini na uani, mikekani, goti kwa goti, nami nikatafutiwa nafasi ya kuegemea ukuta kwa sababu ya umri wangu, heshima ambayo bado sijaizoea. Halima, bintiye marehemu, alinikumbatia akalia kidogo, kisha akaniuliza kama nimekula. Nilipomwambia nimekunywa chai njiani alinitazama kama niliyemtukania mama yake. Ikaja pilau, nyama juu, ndizi mbivu pembeni, na glasi ya sharubati ya ukwaju iliyotiwa sukari ya kutosha nyumba nzima. Daktari ameshaniambia kuwa nami nina sukari, kama marehemu. Nilikula. Nani atakaa matangani kwa Bi Riziki, sinia liko mbele yake, halafu aseme hali?

"Hasa alikufa na nini?" mmoja aliuliza nyuma yangu, kwa ile sauti ya chini ambayo kila mtu huisikia.

"Sukari."

"Mie nilisikia figo."

"Na hizo figo ziliharibiwa na nini? Ni sukari hiyo hiyo."

"Allah amrehemu. Ebu nisogezee huo mchuzi."

Sijamaliza kula, Halima akaja kutuomba tunyamaze. Mlangoni walisimama vijana wawili, mvulana na msichana, wamevaa fulana za kijani. Msichana alitoa pole kwa adabu nzuri, kisha akasema kwamba hoteli moja ya Diani, watu wa afya na wenyeji wa Msambweni wameungana, na kwamba kila Jumamosi kutakuwa na matembezi ya kujenga mwili. "Tunawaomba mama zetu mjitokeze," alisema. "Tutembee, tule vizuri, tuishi." Wanawake waliitikia inshallah na wengine wakaendelea kutafuna. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa kuwa matangani hakuna anayeuliza, nilijifunika uso kwa leso nikaacha yote mawili yaje. Maana fulana kama ile niliwahi kuivaa, katika mji huu huu, nikiwa na umri wa yule msichana. Yangu ilikuwa ya manjano, na mgongoni iliandikwa Miguu Myepesi.

Ya kwetu Kinango na jinsi nilivyotoka nitayaacha, hayana ajabu kuliko ya mtu mwingine. Ilitosha kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najua Kiduruma, Kidigo na Kiswahili, na mradi wa Miguu Myepesi ulikuwa unatafuta msichana wa kuhamasisha akina mama. Hoteli ilimtoa mkufunzi wake wa mazoezi. Zahanati ilimtoa muuguzi, Sista Mutheu, Mkamba aliyezaliwa kwenye mashamba ya Shimba Hills, mwanamke mkavu mwenye moyo. Shirika fulani la ng'ambo likaleta fulana. Wenyeji waliambiwa kwamba wao ndio wenye mradi, jambo ambalo waliambiwa mara nyingi mno kuweza kuliamini. Mimi nikapewa chumba cha uani kwa Bi Mwanasha.

Chumba kile nakiona hata sasa nikifumba macho. Kitanda cha kamba, ndoana ya kutundikia nguo, dirisha dogo linalotazama mpapai, na ukuta mmoja ambao ulikuwa na joto siku zote kwa sababu upande wa pili ndiko kulikokuwa na jiko. Bi Mwanasha alipika mahamri ya kuuza, na mimi niliamshwa kila siku na mkwaruzo wa mbuzi ya kukunia nazi. Nikitoka usingizini nilikuta kikombe cha chai ya tangawizi kimefunikwa kisosi, mahamri mawili juu yake, na mbaazi za nazi kwenye kibakuli. Nikila moja nikaacha la pili, angeniuliza nini nilichokiona ndani yake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti laini, na kitu alichojivunia ni miguu yake. Ilikuwa midogo na mizuri ajabu chini ya mwili ule mkubwa, na kila Idi aliitia hina mpaka nyayo. "Mwili huu nimeula," aliniambia siku ya kwanza, "lakini miguu nilizaliwa nayo."

Rafiki yake alikuwa Bi Riziki, huyu tuliyemzika juzi. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa makuti wenye pengo, na pengo hilo lilitumika kuliko mlango. Bi Riziki alikuwa mwembamba, mwepesi wa ulimi, na tangu siku ya kwanza aliniita "Mduruma wangu" akanitania kwamba nimefuata bahari kwa kuwa kwetu kukame hata machozi hayapatikani. Walinyonya ziwa moja hao wawili, mama zao wakiwa majirani. Asubuhi, chai ya huyu ilikuwa chai ya yule. Nilipata kuwasikia wakisemezana kupitia ule ua bila kuonana, kila mmoja akiwa na kazi yake mkononi, wakiendeleza mazungumzo ambayo nadhani yalianza kabla mimi sijazaliwa.

Mkufunzi wa hoteli aliitwa Koch Brayo, kijana wa bara mwenye filimbi shingoni. Siku ya ufunguzi aliwapanga akina mama kwenye kiwanja cha shule, kweupe, vijana wa bodaboda wakiangalia. "Mamas, relax, ni stretching tu," alisema. "Mikono juu, mguu nje, tunaruka." Walimtazama. Hakuna aliyekataa, maana kumkatalia mgeni si adabu, wala hakuna aliyenyanyua hata kidole. Koch aliruka peke yake hadi jasho likamtiririka, na Bi Riziki akamsifu. "Ahsante baba, umetuonyesha vizuri. Sasa kapumzike, tumeona." Ikaamuliwa kwamba kuruka kuachwe na badala yake watembee.

Kabla ya matembezi kila mmoja alipimwa zahanati, na hapo ndipo mwaka wangu ulipoanza kweli. Sista Mutheu alimlaza Bi Mwanasha kitandani, akamwambia afumbe macho na aseme atakapoguswa. Akachukua uzi mgumu wa plastiki akawa anaugandamiza kwenye wayo wa mguu wa kushoto, hapa, na hapa, na kisiginoni. Bi Mwanasha alifumba macho kwa utulivu, mikono juu ya tumbo. Sista akamaliza, akauweka uzi mezani. Baada ya kitambo Bi Mwanasha akauliza kwa upole, "Umeanza, sista?"

Sista hakuwa mtu wa kuzungushazungusha maneno. "Mama, huu mguu hauzungumzi na wewe tena. Ukikanyaga msumari hautakuambia. Sukari ikiendelea hivi, utapata kidonda, na kidonda kikikataa kupona watakukata. Nakuambia ukweli kwa sababu bado kuna nafasi. Tembea, punguza vitu vitamu, na usivue viatu popote."

Nilirudi nyumbani na Bi Mwanasha. Tulipofika uani aliketi kwenye kibao cha mbuzi akauweka mguu ule juu ya goti, akaupapasa kama anayetafuta mahali palipofunguka. "Umazi mwanangu," aliniambia, "kufa sikuogopi, kufa kupo. Lakini nataka nizikwe mzima, vile nilivyoletwa. Nisaidie nizikwe mzima." Nilimwahidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na fulana mpya, nilidhani ndiyo kazi niliyoletewa.

Tatizo la kutembea halikuwa miguu. Huku pwani ukipita mlango wa mtu utasalimiwa, na baada ya salamu utaulizwa waendapi, na swali hilo linataka jibu. Jumamosi ya kwanza tulitoka kundi zima, fulana za manjano juu ya mabuibui.

"Mwendapi?" waliuliza wa mlango wa kwanza.

"Twatembea."

"Mwatembea kwenda wapi?"

"Twatembea tu."

"Kuna nini huko?"

Kabla ya magharibi mji ulikuwa na habari tatu: kwamba tunamtafuta mtu aliyepotea, kwamba tumeingia chama cha siasa, na kwamba wake wa watu wamefukuzwa majumbani na wanaona haya kusema. Shemeji yake Bi Mwanasha alikuja na kofia yake kuuliza kama nyumba imepungukiwa na kitu. Jumamosi ya pili waliojitokeza hawakujaza mkeka. Mwanamke mzima mwenye heshima zake kutembea barabarani bila aendako, huo ulikuwa uzururaji, na hakuna sista aliyeweza kuugeuza kuwa dawa.

Aliyepata jibu ni Bi Riziki. Alitokea pengoni kwenye ua na sahani mkononi, imefunikwa kawa ya ukindu. "Nitazame," alimwambia mwenzake. "Naenda wapi?" Bi Mwanasha akasema anapeleka chakula kwa mtu. "Basi. Umeniuliza? Hukuniuliza. Kila mtu na abebe sahani." Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Koch Brayo alipoambiwa aliandika ripoti kwa hoteli kwamba jamii imebuni mbinu yake yenyewe, na hoteli ikafurahi sana, wakatuma mtu aje apige picha za zile kawa.

Na kweli tulitembea. Nitasema hili kwa kuwa baadaye nitasema mengine: ilikuwa miezi mizuri. Tulikwenda hadi kwenye minazi ya nyuma ya mji, tukarudi kwa njia ya mchanga, wanawake wakiwa na sahani zao kifuani, wakizungumza mambo ambayo majumbani yasingezungumzwa. Mmoja alisema hajawahi kuuona upande ule wa mji tangu aolewe. Bi Mwanasha alianza kwa kuhema kila hatua, mwisho akawa anaimba. Nililala vizuri katika kile chumba chenye ukuta wa moto.

Lakini zile sahani zilikuwa tupu, na Bi Mwanasha hakuweza kubeba uongo kwa muda mrefu. Ukisalimiwa na mgonjwa mlangoni, una sahani mkononi, utapitaje? Akaanza kuweka mahamri machache. Wenzake wakaona haya, nao wakaweka vitumbua, kaimati, kipande cha mkate wa sinia. Wakayaacha njiani kwenye majumba. Na hapo walipoyaacha ndipo yalipoturudia. Kwa watu wa huku sahani ya jirani hairudi tupu. Unaiosha, unaihifadhi mpaka upate cha kuweka, ndipo unairudisha. Kuirudisha tupu kuna maana moja tu, kwamba mimi nawe basi. Kwa hiyo kila sahani iliyotoka na mahamri ilirudi na halua, na iliyotoka na halua ilirudi na visheti vimegandia sukari, na hakuna nyumba iliyotaka kuonekana imetoa kidogo kuliko ilichopewa. Uani kwetu palikuwa na kawa juu ya kila kitu. Mradi wa kupunguza sukari ulikuwa umeizungusha sukari katika mji mzima, na sisi wenyewe tukiisukuma kwa miguu.

Siku moja tukirudi kwa njia ya mchanga Bi Riziki alikuwa nyuma, akatuita huku ameinua ndara moja ya bluu. "Bibi we, hiki kiatu chauzwa au chatolewa sadaka?" Kilikuwa cha Bi Mwanasha. Kilimtoka mguuni kule nyuma sana, naye akaendelea kutembea na kupiga hadithi, mguu mmoja na kiatu, mwingine hauna. Wote walicheka, naye alicheka. Kisha akatazama chini, akautazama ule mguu kwa muda, na njia iliyobaki hakuimba.

Alipopimwa tena sukari ilikuwa imepanda. Sista Mutheu aliziba uso kwa viganja. Alijaribu kwanza kushauri sahani zirudishwe na matunda, zikaja embe zimeiva hadi zinatoa asali na mafenesi ya kuliwa na kijiji. Ndipo akasema lile alilosema, mbele ya akina mama wote, kwenye baraza ya zahanati. "Rudisheni sahani tupu. Osheni, rudisheni, semeni ahsante. Mnauana kwa heshima."

Akina mama walitazamana. Bi Mwanasha ndiye aliyejibu. "Sista, wewe umezaliwa hapa hapa Kwale," alisema taratibu. "Unajua unachotuambia?"

"Najua, mama. Ndiyo maana naogopa kukuambia. Lakini mguu ni wako."

Bi Mwanasha alikaa na neno hilo. Nilimwona akilifikiria huku anakanda unga, anaacha, anakanda. Mwishowe akaamua kuanza na Riziki, kwa sababu ndiye atakayeelewa. "Tumenyonya pamoja," alisema. "Nikishindwa kwake nitaweza kwa nani?" Aliichukua sahani ya Bi Riziki, ile nyeupe yenye maua ya waridi ukingoni, akaiosha, akaisugua kwa majivu, akaifuta kwa leso yake safi hadi ikang'aa. Akaifunika kawa mpya. Akanipa mimi niipitishe pengoni, mwenyewe akarudi kwenye unga wake.

Bi Riziki alikuwa anachambua mchele. Alifunua kawa, akaangalia ndani, akaifunika tena polepole kama aliyeona kitu kinachoweza kuamka. "Amekuambia nini?" aliniuliza.

"Anasema ahsante sana, na kwamba sista amesema..."

"Sista alikuwapo nilipomuuguza mwanawe? Sista alikuwapo alipofiwa na mumewe?"

"La, mama."

"Basi mwambie nimeipata sahani yangu."

Aliendelea na mchele wake. Jioni ya siku hiyo kijana wake aliziba pengo la ua kwa makuti mapya.

Jumamosi iliyofuata Bi Riziki hakutoka, na bila yeye wengine walipata sababu. Mmoja ana mgeni, mwingine mguu unamuuma. Koch Brayo alikuja na filimbi yake akatukuta Bi Mwanasha na mimi tumekaa barazani. Tulitembea watatu, na hatukuwa na sahani, na tulipoulizwa tuendapi nilikuwa najibu mimi. Lakini sasa hakukuja halua wala visheti, na Bi Mwanasha alikula mchicha na samaki wa kuchoma kama alivyoambiwa. Alivaa viatu hata kwenda bafuni. Alipopimwa sukari ilikuwa imeshuka, ikashuka tena. Sista Mutheu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka, akamshika Bi Mwanasha mashavu. Tukarudi nyumbani. Mimi nilikuwa naruka. Bi Mwanasha aliketi uani akielekea kwenye ule ua uliozibwa, na nilidhani anapumzika, mpaka aliposema, "Sukari imeshuka, na sina wa kumwambia."

Nimezeeka nikilitafakari neno hilo. Vitabu vya mradi vilikuwa na picha za mboga na za watu wanaotembea, na hakuna hata kimoja kilichomwuliza mtu atabaki na nani akishapona. Nilijaribu kumshawishi. Nilimkumbusha maneno yake kuhusu kuzikwa mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, halafu asubuhi yake nikaamshwa na mbuzi ikikuna nazi nyingi kuliko kawaida. Alikaanga mahamri ya hiliki, madogo madogo, yale anayoyapenda Bi Riziki. Akayapanga kwenye sahani yake bora, akaifunika, na hakunituma. Alizunguka kwa mlango wa mbele mwenyewe, kwa kuwa pengo halikuwapo, nami nikamfuata.

Mlangoni alivua viatu. Nilimwambia, "Mama, sista alisema." Akaniambia, "Naenda kuomba radhi, mwanangu. Na viatu?" Ndivyo alivyoingia. Bi Riziki alikuwa uani, mbaazi ziko kwenye jiko la seredani, makaa mengine ya moto ameyamwaga chini pembeni. Aliona sahani kabla hajaona uso. Bi Riziki aliipokea, akafunua, akachukua hamri moja akaling'ata, akasema kwa mdomo uliojaa, "Hiliki umezidisha, kama kawaida yako." Basi wakaanza kucheka. Walicheka wakilia, wameshikana mikono, yale ya miezi yote yakatoka pamoja, nani alisema nini, nani alikonda, ua uzibuliwe leo leo.

Nilisikia harufu ya kuungua. Bi Riziki naye aliisikia. "Mbaazi," alisema. Nikafunua sufuria, mbaazi zilikuwa nzuri, zinachemka kwenye tui lake. Tukatazama kama leso ya mtu imeshika moto. Bi Mwanasha bado alikuwa anacheka na kujifuta machozi. Nikatazama chini nikaona moshi mwembamba unatoka chini ya kisigino chake cha kushoto. Alikuwa amelikanyaga kaa, amesimama juu yake kwa uzito wake wote, muda wote ule wa kusameheana.

Hospitalini walijaribu, siwezi kusema hawakujaribu. Waliosha, wakafunga, wakachoma sindano. Kidonda kilichukua kisigino, kikapanda. Bi Riziki alilala chini ya kitanda cha Bi Mwanasha, kwenye mkeka, akimpikia uji bila sukari na kuuonja kabla hajampa. Akiwa huko, mradi ulifungwa, kwa kuwa mwaka ulikuwa umekwisha. Hoteli ilileta hema, viti na keki kubwa ya krimu ya manjano iliyoandikwa Miguu Myepesi. Akina mama walipimwa uzito mbele ya wageni, na karibu wote walikuwa wameongezeka, ikasemwa kwamba mizani ina hitilafu. Mwenye hotuba alisifu ushirikiano. Koch Brayo alikaa nyuma akiivingirisha ile kamba ya filimbi kidoleni. Mimi nilipewa kipande cha keki kwenye sahani ya karatasi, na nakumbuka kuwaza kwamba hii angalau haitarudishwa.

Mguu wa Bi Mwanasha ulikatwa chini ya goti. Shemeji yake aliuleta umefungwa kitambaa cheupe, na wanaume wakaenda kuuzika kwenye makaburi ya ukoo, bila sala, maana shekhe alisema hauswaliwi. Sisi wanawake tulikaa uani bila kujua tukae vipi. "Mguu hauna matanga," mmoja alisema. Lakini kabla wanaume hawajarudi majirani walianza kuingia mmoja mmoja, kila mmoja na sahani imefunikwa. Waliziweka chini wakaondoka. Zilijaa mkeka mzima.

Aliporudi nyumbani jambo la kwanza aliloliuliza ni sahani hizo za nani. Bi Riziki alimtia hina kwenye mguu uliobaki, kwa ufundi wake wote, na Bi Mwanasha akaunyoosha kuutazama akasema umependeza, mwenzake yuko wapi. Kisha akaomba asogezewe jiko. Alikaanga akiwa ameketi mkekani, siku mbili, mpaka kila sahani ikapata cha kurudi nacho. Miguu ya kuzipeleka ilikuwa yangu. Nilikwenda mlango kwa mlango, na hapana aliyeniuliza niendapi. Hayo ndiyo yaliyokuwa matembezi yangu ya mwisho Msambweni.

Alifariki kabla ya Ramadhani. Nilitoka Kinango nikawahi maziko kwa tabu. Walimchimbia kando ya pale walipouzika mguu, na wanaume walipoondoka makaburini Bi Riziki alinishika mkono akaniambia, "Basi sasa amefika mzima, Mduruma wangu. Au karibu na mzima." Hatukulizungumza tena, katika miaka yote tuliyojuliana hali. Hoteli ile imefungwa. Sista Mutheu alihamishwa, sikumsikia tena. Wale wanawake wa kawa wamekwenda mmoja baada ya mwingine, huyu figo, huyu macho, huyu kiharusi, na juzi wa mwisho wao.

Wale vijana wa fulana za kijani walinifuata pale ukutani. Mtu alikuwa amewaambia kwamba mimi ni mzoefu. Msichana alipiga magoti akaniamkia, nikampa marahaba yake. Akaniuliza kama nina ushauri wowote kwa mradi. Alikuwa na uso wa mtu anayelala vizuri. Nilifikiria nimwambie nini: kuhusu viatu mlangoni, kuhusu sahani. Nikamwambia, "Mkae sana na watu, mwanangu," na akashukuru kama niliyempa kitu.

Jua likiwa juu kabisa niliaga. Halima alinifungia pilau na visheti kwenye sahani, akaifunika kawa. Niliitambua, ile nyeupe yenye maua ya waridi, ukingo umemeguka upande mmoja. "Usijali, utairudisha ukija," alisema. Nikatafuta ndara zangu kwenye lile rundo la viatu mlangoni, nikavaa, nikashika njia ya mchanga kuelekea barabarani, sahani kifuani. Nilikuwa nawaza nitakachoweka ndani yake nikiirudisha. Mwanamke mmoja aliyekuwa barazani akipepeta mchele alinisalimia, kisha akaniuliza, "Waendapi, mama, na jua hili?"

Niliinua sahani kidogo, kama tulivyokuwa tukifanya.

Alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Halafu macho yake yakashuka miguuni kwangu, ungo ukatulia mikononi mwake. "Mama," aliniambia, "kiatu chako kingine kiko wapi?"

Nikatazama. Mguu wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa mchanga hadi vidoleni, na mchanga wa saa ile huunguza, hakuna anayeukanyaga. Haukuwa umeniambia kitu. Nikamjibu kwamba nimekiacha hapo nyuma tu, nakirudia, nikageuka na sahani yangu kuitazama njia niliyopita, na sikuona kiatu popote.